Farasi Aliyenyonya Chupa

Farasi jike wa Tlali alizaa mwezi wa kumi, siku theluji iliporudi baada ya watu kudhani imekwisha. Alizaa nyuma ya zizi, akamlamba mtoto wake kidogo, akalala chini, na hakuinuka tena. Tlali alipomkuta, mwili ulikuwa umeshakauka kwa baridi, na mtoto amesimama juu yake akitetemeka, akitafuta ziwa kwenye mzoga.

Tlali alikulia kati ya farasi, na mtu aliyekulia kati ya farasi anajua kwamba mtoto wa namna hiyo hana siku nyingi. Alikwenda nyumbani kuchukua kisu. Mkewe Manthati akamkuta mlangoni akikinoa.

"Cha nini hicho?"

"Bora afe haraka, mama. Akifa kwa njaa ni dhambi mara mbili."

"Ng'ombe wangu ametoka kuzaa juzi. Maziwa yapo. Weka kisu."

"Mtoto wa farasi si mwanakondoo. Utachoka wewe."

"Basi nichoke mimi. Weka kisu, ntate."

Kwetu ntate ni baba, na ndivyo mwanamume anavyoitwa kwa heshima. Tlali akaweka kisu. Mtoto wa farasi akabebwa hadi ndani ya msonge, akalazwa karibu na moto wa samadi, juu ya blanketi kuukuu. Manthati alichanganya maziwa ya ng'ombe na maji na sukari kidogo, akayatia kwenye chupa ya soda aliyoivisha chuchu ya mpira, akakaa sakafuni na kile kichwa kirefu mapajani mwake. Kwa majuma mengi hakulala usingizi wa kueleweka. Alikuwa amepita miaka hamsini. Mtoto wake pekee, Nthati, alikuwa ameolewa Mafeteng, kule chini tambarare, na tangu aondoke nyumba ile ilikuwa kimya, maana Tlali si mtu wa maneno.

Mtoto wa farasi akaishi. Tlali alimwita Khutsana, yaani yatima. Manthati akamuuliza, yatima gani huyu mwenye mama?

Na kweli alikuwa na mama. Manthati akienda kisimani, Khutsana yuko nyuma. Akienda dukani, Khutsana anangoja mlangoni. Jumapili alimfuata hadi kanisani, akaingiza kichwa dirishani, na wimbo ulipoanza naye akalia. Malira, jirani yao, mwanamke asiyeacha neno likapita bila kulidaka, alimwambia baada ya ibada, "Mama Nthati, huyu mwanao kipaimara anapata lini? Sauti anayo, kilichobaki ni katekisimu."

Manthati alicheka kuliko wote. Alimfundisha Khutsana michezo. Alimzoesha kuingiza pua ndani ya blanketi lake kutafuta chupa, na baadaye, chupa ilipoachwa, kutafuta kipande cha mkate. Alimzoesha kusimama kwa miguu ya nyuma na kumwekea zile kwato ndogo mabegani, kama wawili wanaocheza ngoma. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kuona.

"Mpeleke malishoni akakae na wenzake," Tlali alimwambia.

"Watampiga."

"Wampige. Ndiyo shule yao hiyo."

Manthati alimpeleka siku moja tu. Farasi mzee wa Malira alimng'ata shingoni, na Khutsana akarudi nyumbani mbio, damu inamtiririka. Manthati alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, akamkumbatia, na hakumpeleka tena.

Alipofika miaka mitatu alikuwa farasi mzuri kuliko wote pale kijijini, rangi ya shaba, kifua kipana, miguu myeupe. Lakini hakuwa na adabu hata chembe. Aliwaogopa farasi, watu hakuwaogopa kabisa. Akitaka kupita, alikusukuma kwa bega kama unavyosukuma mlango. Tlali alimwekea tandiko ampande mara mbili, na mara zote mbili akaokotwa chini. Ya pili akavunjika mbavu. Siku moja Khutsana alimbana Malira ukutani mpaka akaachia beseni la mahindi alilobeba. Malira hakutania tena. Watu wakaanza kupita njia ya chini, na Manthati akawa anasema, "Anacheza tu. Hana ubaya." Kwamba hakuwa na ubaya, hilo lilikuwa kweli.

Mwaka huo Nthati akaja nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi yetu, mtoto wa mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Alikuwa ameisubiri mimba hiyo muda mrefu, huko ukweni wakimwuliza kila Krismasi. Alifika na tumbo limeshashuka, miguu imevimba, mkoba umejaa soksi ndogo alizozifuma mwenyewe. Khutsana hakumpenda tangu siku ya kwanza. Kila mama na binti walipokaa nje kupiga soga, alikuja akajipenyeza katikati.

"Mama, mfunge huyu mnyama."

"Anakuzoea tu. Ni mdogo wako huyo."

"Mdogo wangu ana meno makubwa," alisema Nthati, na wote wawili wakacheka.

Asubuhi moja Manthati alikwenda kuchota maji. Nthati akatoka na bakuli la makoko ya ugali kuwatupia kuku. Alikuwa amejifunga blanketi la mama yake, kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Khutsana aliliona blanketi, akaja mbio, akaingiza pua. Nthati akamsukuma. Farasi akasogea, akarudi, akamsukuma kwa kichwa. Nthati akampiga puani kwa bakuli, naye Khutsana akadhani mchezo umeanza. Akainuka kwa miguu ya nyuma na kumwekea kwato mabegani, kama alivyofundishwa alipokuwa mdogo.

Tlali ndiye aliyesikia kishindo. Alimkuta binti yake chini, mgongo umeegemea ukuta wa mawe wa zizi, na Khutsana amesimama kando akitafuna makoko.

Walimpeleka kliniki kwa gari la mwenye duka. Mtoto alizaliwa jioni ile. Alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, na hakulia. Muuguzi alisema mambo kama haya hutokea hata bila mtu kuanguka, na kwamba hakuna awezaye kujua. Tlali alimrudia mkewe maneno hayo mara kadhaa. Nthati hakutaka kuyasikia.

Walimzika mtoto. Nthati akalala ndani ya msonge, uso ameuelekeza ukutani, maziwa yakimtoka na kulowesha nguo. Manthati alimpelekea uji, ukapoa, akauondoa, akaleta mwingine.

Siku ya tatu au ya nne Nthati alisema bila kugeuka, "Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nataka nisikie amekufa."

Manthati alisimama na bakuli mkononi. Angeweza kusema ndiyo. Tlali alikuwa ameshaongea na watu wanaonunua farasi wa nyama, na wangekuja wakati wowote. Badala yake aliweka bakuli chini. Alitoka nje, akamkuta mumewe akikarabati ukuta wa zizi.

"Ntate, kosa si lake. Kile alichofanya nilimfundisha mimi."

"Kwa hiyo nikuchinje wewe?"

Tlali alilitamka hilo, akasikia alivyolitamka, akaweka jiwe chini, akaenda zake hadi kwenye mwinuko ambako husimama akiwa na uchungu. Aliporudi alisema kwamba Semonkong kuna mtu anaitwa Khoabane, anayepokea farasi walioharibika akawafunza upya, kisha akawatafutia mnunuzi na kuchukua fungu lake. Wengine wamekuwa farasi wa mbio, wengine wa kubebea mizigo. "Ataondoka hapa kesho. Akifunzika, auzwe. Asipofunzika, Khoabane anajua la kufanya. Hapa harudi."

"Nitampeleka mimi," alisema Manthati. "Akinifuata mimi hana haja ya kukokotwa."

Asubuhi Nthati alikuwa amesimama mlangoni, mara yake ya kwanza kuinuka. Alimwona mama yake amejifunga blanketi la safari, na yule farasi nyuma yake, kamba imelegea.

"Kwa hiyo anaishi," alisema.

"Anaondoka, mwanangu."

"Sikuuliza kama anaondoka."

Manthati akaishika kamba. Aliondoka.

Ni mwendo mrefu kutoka kwetu mpaka Semonkong, milima miwili na mto, na walilala njiani kwa jamaa. Khutsana alitembea pua yake begani kwake njia nzima. Kwenye miteremko yenye utelezi alisimama kumngoja, na mama yule, aliyekuwa amelia tangu kijijini, akawa anaongea naye, akimkemea, akimwambia alichofanya, akimweleza kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi.

Khoabane alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu na buti za mpira, mpole wa sauti. Hakumpapasa farasi. Alimtazama kwa mbali.

"Amefanya nini?"

"Anasukuma watu, ntate."

"Wanaosukuma watu naletewa kila mwezi, mama. Wenye farasi hao hawaji na macho kama hayo. Amefanya nini?"

Akamweleza. Khoabane alivua kofia, kisha akaivaa.

"Huyu alilelewa kwa chupa."

"Umejuaje?"

"Anavyoniangalia. Kama vile mimi ni mwenzake, tena mdogo wake." Alisogea, na Khutsana akamfuata mara moja na kumpiga bega; Khoabane akayumba. "Unaona? Farasi mkali ananiogopa, basi ile hofu naishika, polepole naigeuza kuwa heshima. Huyu hana hofu, hana heshima, hajui hata yeye ni nani. Hakumchukia binti yako, mama. Alimchezea kama farasi anavyomchezea farasi. Ila binti yako si farasi."

"Basi kosa ni langu."

Khoabane hakukimbilia kumfariji. "Maziwa hayakuwa kosa," alisema, akaishia hapo.

Alimfungulia Khutsana kwenye uwanja uliozungukwa na ukuta wa mawe, wenye majike wawili wazee. Khutsana akawaendea kama anavyowaendea watu, kifua mbele. Jike wa kwanza alilaza masikio. Khutsana hakujua maana yake. Yule jike akageuka na kumpiga mateke ya kifuani, mlio wake ukasikika hadi nje. Akamkimbilia wa pili, naye akamng'ata. Ndipo alipokuja mbio ukutani, kwa mama yake, akatoa shingo juu ya mawe, analia.

Manthati akainua mkono.

"Usimguse," alisema Khoabane. "Nenda sasa, mama. Ukibaki, atakungoja wewe badala ya kujifunza kutoka kwao. Usije mpaka nikuite. Na usigeuke nyuma."

Alikwenda. Hakugeuka. Khutsana alimwita mpaka alipokivuka kilima, na baada ya kilima Manthati hakujua tena kama anamsikia yeye, au ni masikio yake tu.

Alipofika nyumbani, Nthati alikuwa amesharudi Mafeteng. Soksi alikuwa ameziacha, zimekunjwa vizuri juu ya kitanda.

Miezi ilipita, baridi ikaja na kuondoka. Nthati hakumpigia mama yake simu. Alimpigia baba yake, na Manthati akawa anasikia kutoka jikoni: "Ndiyo. Ndiyo. Mama yako yupo, ni mzima. Haya, nitamwambia." Kisha Tlali aliingia na kusema, "Anakusalimu," na Manthati alijua hakusalimiwa, na alimshukuru mumewe kwa uongo huo.

Khoabane alimpigia Tlali simu wakati mipichi inaanza kuchanua. Mnunuzi amepatikana, mwenye mnyama aje. Tlali alimpa mkewe simu. "Ulimpeleka wewe. Kamalize wewe."

Manthati alimkuta Khutsana mtoni. Msaidizi mmoja alikuwa amempanda, anamtembeza kwenye mchanga mzito ambako Khoabane alimzoesha tandiko, mahali ambapo farasi akitaka kuruka anazama na kuchoka. Hakuwa akiruka. Alitembea shingo chini, masikio yanamsikiliza mpandaji, na jua la milimani likimwakia mgongoni. Manthati alisimama nyuma ya mti asionekane. Hakuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa hivyo.

"Mnunuzi ni Ntate Lebusa, wa upande wa Thaba-Tseka," Khoabane alimweleza. "Anataka farasi wa kwendea vituo vya kuchungia ng'ombe huko juu. Nimemwambia yote, hata habari za mtoto. Mimi sifichi. Tangu majike wamfunze hajamsukuma mtu yeyote hapa. Lakini bado hajakuona wewe."

"Ndiyo."

"Nikimwuza bila kujua atafanya nini akikuona, nitakuwa nimemdanganya mtu. Kwa hiyo atakujia. Akikujia kwa ule mtindo wake wa zamani, umfanyie walichomfanyia majike." Akampa kipande cha kamba iliyokunjwa mara mbili. "Ukimbembeleza, basi ni wako, rudi naye. Na unajua nyumbani atapokelewaje."

Ntate Lebusa alikuwa mzee mnene, mtulivu, mwenye blanketi jekundu. Alisimama kando na Khoabane. Msaidizi akamvua Khutsana tandiko, akamwachia.

Manthati akatoka nyuma ya mti.

Khutsana aliinua kichwa. Alisimama hivyo kwa muda, pua zimetanuka. Kisha akatoa ile sauti ya chini, ya kifuani, ambayo hakumtolea mtu mwingine yeyote maisha yake yote, akaja. Hakuja mbio. Alikuja akitembea, shingo imelegea, mpaka akafika, akainamisha kichwa na kuingiza pua ndani ya blanketi lake. Pumzi yake ilikuwa ya joto. Manthati aliihisi tumboni.

Alimpiga. Lakini mkono ulikuwa mwepesi, mkono wa mama anayesema acha huku anacheka, na Khutsana akaujua. Akarudi hatua moja, akainua guu la mbele.

Lebusa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

Ndipo Manthati alipompiga kwa nguvu zake zote. Alimpiga puani, akampiga tena, akapiga ukelele ambao wanaume wale wawili walisema baadaye hawakuujua kama ni wa hasira au wa msiba. Alimsogelea badala ya kurudi nyuma, akimpiga kifuani, mpaka Khutsana akashusha guu, akarudi nyuma, akarudi tena, akasimama mbali. Kichwa alikishusha chini kabisa, akawa anatafuna mdomo mtupu, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Hivyo ndivyo watoto wa farasi wanavyowaomba radhi wakubwa wao. Yeye hakuwahi kulijua hilo. Majike walimfundisha.

"Inatosha," alisema Lebusa.

Walimalizana pale pale. Kabla ya kupanda, yule mzee alimjia Manthati na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kwangu kuna farasi wengi, mama. Hatakaa peke yake."

"Asante, ntate."

Alimgeukia Khoabane. "Naweza kumuaga?"

"Hapana, mama."

Lebusa alimpanda Khutsana, wakavuka mto, wakashika njia ya juu. Farasi hakugeuka.

"Hakugeuka," alisema Manthati.

"Ndicho tulichokuwa tunakitafuta," Khoabane akamjibu, kwa upole.

Manthati alikwenda nyuma ya ukuta, akakaa chini, akafunika kichwa kwa blanketi. Walimwacha. Mke wa Khoabane alimletea chai, akaiweka karibu naye bila kumsemesha, akaondoka.

Nyumbani Tlali aliuliza, "Mnunuzi alikubali?" Akajibu, "Alikubali." Hawakulizungumza tena. Ile chupa ya maziwa aliitupa Tlali mwenyewe, siku mkewe hayupo.

Mwaka uliofuata Nthati akapata mimba nyingine. Manthati aliambiwa na Malira, ambaye naye aliambiwa na mtu wa sokoni. Alifagia msonge, akaupaka udongo mpya, akatandika kitanda, kwa sababu hata kama si mimba ya kwanza, ile ya kwanza haikuhesabika. Alingoja. Nthati hakuja. Alijifungulia Mafeteng, kwa mama mkwe, mtoto wa kike, na aliyepiga simu kutoa habari ni huyo mama mkwe, kwa adabu nyingi, kama mtu anayeomba radhi kwa jambo ambalo si lake.

Manthati alikwenda siku za mtoto kufichwa ndani zilipokwisha. Alikaribishwa vizuri. Aliandaliwa nyama na uji wa mtama uliochachushwa, akasimuliwa habari za mavuno, akaulizwa hali ya baba. Nthati alikuwa amenenepa kidogo, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na mgeni anayemheshimu.

"Nilisikia aliuzwa," alisema wakati mama mkwe ametoka nje.

"Aliuzwa."

"Alienda mbali?"

"Thaba-Tseka."

Nthati aliitikia kwa kichwa taratibu. "Mimi bado natamani asingeishi, mama. Sitaki kukudanganya."

"Najua, mwanangu."

"Nimejaribu."

"Usijilazimishe."

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Nthati alimwinua, akamtuliza begani, na alipotulia alisimama naye katikati ya chumba kwa muda, kama anayefikiri. Kisha akavuka chumba, akamweka mikononi mwa mama yake.

Manthati alimpokea. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alimtazama usoni, akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. Alipoinua macho kumshukuru binti yake, alimwona hajaketi. Nthati alikuwa amesimama karibu yake kabisa, ameinama kidogo, mikono yote miwili imetangulia chini ya mtoto bila kumgusa, kama mtu anayemwachia mtoto mdogo abebe sahani ya udongo. Manthati alimwimbia mtoto mpaka akasinzia, kisha akamrudisha mwenyewe kwenye mikono ile.